Ufunguo Ulipobaki Kidia

Mgeni apandaye kutoka mji wa Moshi kuelekea mlimani, akaacha nyuma joto la tambarare na zogo la stendi ya mabasi, akapita katikati ya migomba na mibuni hata akafika Kidia katika Moshi ya Kale, akiwauliza wakongwe wa usharika wa Kilutheri wa hapo kanisa lao lilianza lini, yamkini atastaajabishwa na jawabu. Kwa maana vitabu vya tarehe vinasema kwamba misioni ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1896, na wazee hawaukani mwaka huo, ila masimulizi yao hawayaanzii hapo. Wao aghalabu huanza na mwaka 1920, mwaka wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini kwa amri ya Waingereza, na ufunguo wa kanisa ukabaki mikononi mwa waalimu. Nimeisikia hesabu hiyo zaidi ya mara moja, vinywani mwa watu waliokwisha kupita miaka 80, ambao wenyewe hawakuwapo wakati ule bali waliyapokea mambo hayo kwa wazazi wao jikoni na shambani. Na kadiri nilivyozidi kuwasikiliza ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hesabu yao ina hoja kuliko ya vitabu.

Hata hivyo haifai kuruka yaliyotangulia, maadamu bila hayo huo mwaka 1920 hauna maana. Mzungu wa kwanza wa dini kuuona Mlima Kilimanjaro ni Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akauona mwezi Mei 1848, naye alikuwa mtu wa Württemberg aliyetumwa na chama cha Waanglikana cha CMS. Akaandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na mabingwa wa jiografia huko London wakamfanyia kejeli. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika kwa mtawala wa Moshi, Mangi Rindi, ambaye Waswahili walimwita Mandara na ambaye alikijua Kiswahili kwa sababu misafara ya pwani ilikuwa ikipita kwake, akaomba mahali pa misioni akapewa. Miezi michache baadaye Hannington mwenyewe aliuawa Busoga, lakini wenziwe wakakaa Moshi. Rindi alipokufa, umangi ukashikwa na mwanawe Meli, kijana aliyekataa kunyenyekea, na mwaka 1892 askari wake wakalishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kiongozi wao, von Bülow. Wajerumani wakawashuku Waingereza wa CMS kwamba wana mkono katika jambo hilo, wakawabana hata wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi na mizinga, Meli akashindwa, na ile nafasi ya Waanglikana ikawa wazi.

Ndipo walipokuja Walutheri. Chama cha Leipzig, ambacho kilikuwa kimekwisha kuichukua kazi ya ndugu zao wa Bavaria katika nchi ya Wakamba, kilituma watu wake waliofika Machame kwa Mangi Shangali mwaka 1893, wakafungua Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Wapagazi waliowachukulia mizigo katika njia ile ya kutoka pwani walikuwa watu wa bahari, na lugha ya safari ilikuwa Kiswahili; basi si kosa kusema kwamba Injili ya Kilutheri ilipanda mlimani ikitweta juu ya vichwa vya Waislamu, ingawa katika taarifa za misioni hamali hao hawapati zaidi ya mstari mmoja.

Miaka ile ya mwanzo haikuwa ya amani, na wazee hawaifichi. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri chini ya Mlima Meru, walikokwenda kutafuta mahali pa kujenga. Kisasi cha serikali juu ya Wameru na Waarusha kikawa cha moto, ng'ombe kutekwa na migomba kufyekwa. Kisha tarehe 2 Machi 1900, katika Moshi ya Kale, Mangi Meli alinyongwa pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na wengineo, watu 19 kwa jumla. Mti wenyewe ungali ukionyeshwa, si mbali na Kidia. Inasemekana kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wajukuu zake wamekidai miaka mingi na hadi leo wanakisubiri.

Nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa, kwa hadhari kidogo kwa kuwa swali lenyewe halina adabu, iliwezekanaje watu waliouona mti ule wakaenda baada ya hapo kujifunza katekisimu kwa wenye lugha ile ile iliyotoa amri ya kunyonga. Alinyamaza, akautazama mpini wa bakora yake, kisha akanieleza kwamba babu yake alikuwa akipambanua boma na misioni kama mtu apambanuavyo kaka na mdogo wake: damu yao moja, lakini mmoja humwendei usiku. Sijui kama wote walipambanua hivyo. Ninavyodhani mimi, wengi walikwenda kwa sababu ya kusoma, na kwa sababu mangi alikuwa hawezi tena kuwakinga na lolote. Imani ikawakuta humo humo darasani, wengine mapema na wengine wamechelewa sana.

Jambo moja lililowarahisishia ni kwamba misioni haikuwaletea Mungu mwenye jina geni. Wachagga walikuwa na Ruwa, na neno hilo ndilo lilimaanisha jua na ndilo lilimaanisha Mungu. Wamisionari wakalishika lile lile, wakaomba kwalo na kufundisha kwalo. Katika familia za Kilutheri likazuka pia pando la majina ambalo halina mfano pwani: neno la Kichagga likaungwa na *Eli*, jina la Mungu la Kiebrania, likawa jina la mtu. *Aika* ni asante. Basi mtoto aliyezaliwa baada ya dhiki akaitwa Aikaeli, ashukuriwe Mungu. Ukilifunua daftari la ubatizo la usharika mkongwe wa mlimani, karatasi zake zimekuwa za manjano na kingo zimeliwa na mende, utaona safu ya kushoto, ya majina ya kuzaliwa, imejaa majina ya vita, ya njaa na ya ng'ombe, na safu ya kulia imejaa hao kina *Eli* mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko ule wa kulala wa shule za Kijerumani. Hapana hotuba iwezayo kueleza zaidi ya safu mbili hizo nini kiliwapata watu hawa katika umri wa mtu mmoja.

Sasa nimtaje mmisionari Bruno Gutmann, kwa maana Kidia haiwezi kutajwa bila yeye. Mzaliwa wa Dresden, mwaka 1876, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na tangu mwaka 1910 akakaa Moshi ya Kale, akakaa kwa namna ambayo Wazungu wachache walikaa: akisikiliza. Aliandika juu ya sheria za Wachagga, kitabu kinene kilichochapwa mwaka 1926, na juu ya mafunzo ya jando na semi za wazee, hata wataalamu wa mila wa leo hawana budi kupitia kwake. Aliitazama mifongo, ile mifereji ya maji ichimbwayo kutoka mtoni juu kabisa na kuzungushwa katika mabega ya mlima hata ifike vihambani, yaani katika mashamba ya migomba yazungukayo nyumba, akaona kwamba kila mfongo una ukoo uliouchimba, una wazee wa kugawa zamu, na una siku ya kila nyumba kutoa mtu mwenye jembe. Akasema moyoni kwamba jamii iwezayo kuyagawa maji bila askari haihitaji kufundishwa ushirika na mtu wa Ulaya. Kwa hiyo akajenga usharika juu ya misingi ile aliyoikuta: ukoo, ujirani, na rika. Vijana wa kipaimara aliwafunga vikundi vikundi ili kila mmoja awe mdhamini wa mwenziwe kama zamani wenzi wa jando. Mitaa ikapewa wazee. Na baada ya ibada ya Jumapili watu hawakutawanyika, bali walikaa majanini nje ya kanisa, na hapo yakasemwa mambo ya jamii: nani mgonjwa, nani ameangukiwa na nyumba, nani amegombana na jirani kwa ajili ya mpaka.

Nikimsifu namna hii isidhaniwe kwamba sioni taksiri zake. Gutmann aliuogopa mji, aliiogopa fedha, na kwa hayo mawili akakiogopa na Kiswahili, akiona kwamba ndicho mlango ambao yote yataingilia. Akakishikilia Kichagga katika shule na ibada, wakati serikali, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, ilitaka Kiswahili. Sisi tunaokula mkate wetu kwa Kiswahili hatuwezi kumpongeza kwa hilo. Fauka ya hayo, aliwapenda Wachagga wa jana kuliko wa kesho, na vijana wenye akili hupata taabu kupendwa hivyo. Joseph Merinyo, aliyelelewa katika misioni hiyo hiyo na akafika hata Ulaya, alirudi akawa kiongozi wa chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, KNPA, kilichoundwa mwaka 1925. Na kahawa hiyo, pamoja na hesabu zake na safari zake za mjini, ilikuwa ndiyo yale yale ambayo mwalimu wa Kidia alitamani yachelewe.

Tufike basi kwenye mwaka wenyewe. Waingereza waliitwaa Moshi mwezi Machi 1916. Wamisionari waliachwa wakaendelea kwa muda chini ya ulinzi, na mwaka 1920 wakatolewa wote walio Wajerumani, Gutmann mmojawapo. Upande wa Arusha alisalia Leonhard Blumer kwa kuwa yeye alikuwa Mwestonia, si Mjerumani. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mlezi wa milima miwili. Na hapa kuna jambo ambalo kila mzee niliyemsikia alilirudia, naye ana haki kulirudia: katika nchi yote ya Kilimanjaro, baada ya miaka 27 ya misioni, hapakuwa na Mchagga Mlutheri hata mmoja aliyewekewa mikono kuwa mchungaji. Walikuwapo waalimu tu. Mwalimu alikuwa na ubao, chaki, kitabu cha nyimbo na kijishahara ambacho chanzo chake sasa kilikuwa ng'ambo ya bahari katika nchi iliyoshindwa vita.

Walifanya nini? Walifanya yale waliyokuwa wakiyafanya, lakini sasa bila mtu wa kuwakagua. Asubuhi kengele, kisha darasa, Jumamosi kuzunguka mtaa kuwatazama wagonjwa, Jumapili mahubiri, na kifo kikitokea, kuzika. Chakula chao kilitoka kwa watu: mama wa mtaa akileta mkungu wa ndizi, mwingine maziwa katika kibuyu, mwingine mbege, pombe ya ndizi, ijapokuwa habari ya mbege nilisimuliwa kwa sauti ya chini kwa kuwa mchungaji alikuwa karibu. Binti wa mmoja wa waalimu hao, bibi mwenye miaka 80 na ushei, alinionyesha kwa mikono yake babaye alivyokuwa akiishika chaki: akiichomeka katika kipande cha unyasi ili iandike hadi iishe kabisa, kwa sababu hakuna aliyejua itatoka wapi nyingine. Mazoea yale yakambakia. Hata miaka ya hamsini, aliposomesha katika shule yenye maboksi ya chaki, hakutupa kipande.

Imekuwa desturi kuiita miaka hiyo miaka ya ukiwa, miaka ya kanisa yatima, na neno hilo la yatima limeingia hata katika lugha rasmi ya vyama vya misioni. Mimi nalikataa. Yatima ni mtoto, na hawa hawakuwa watoto; walikuwa watu wazima wenye wake na vihamba na kesi za mipaka, waliojua kwa ule mfano wa mfongo kwamba mchimbaji akifa maji hayasimami, zamu hugawanywa upya. Alhasili, Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana walipokuja kushika kazi katika miaka iliyofuata, hawakuanzisha kitu. Walikuta madarasa yamejaa na watu wakiwatazama kwa adabu na kwa kuwapima. Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya ishirini, Gutmann akarudi Kidia kwake, na Waamerika wakaenda kufungua kazi Iramba katika nchi ya Singida. Lakini watu Gutmann aliowakuta hawakuwa wale wale aliowaacha, na kwa kuwa alikuwa msikivu, sidhani alikosa kuliona hilo.

Miongoni mwa waliofanya kazi na Leipzig wakati huo alikuwamo Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi aliyepata kuwa askari, mwalimu mkali na mpanda mlima asiyechoka, ambaye mwaka 1926 alimkuta chui aliyekauka kwa baridi ukingoni mwa kilele. Shimo la volkano la Kibo likapewa jina lake, na chui yule akaingia katika hadithi ya Hemingway. Wazee wa Kilimanjaro hawasomi Hemingway, ila Reusch wanamjua, na wanamkumbuka zaidi kwa kupanda na kushuka.

Wachungaji wa kwanza wenyeji waliwekewa mikono mwaka 1934. Ukihesabu tangu Machame 1893, ni miaka 41. Ukihesabu tangu waalimu walipoachiwa ufunguo, ni 14. Muda huo ni mrefu mno, nami sijaona udhuru wa kutosha katika maandishi yoyote. Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo kana kwamba yalikuwa yakingoja mlangoni: Gutmann akaondoka moja kwa moja mwaka 1938, akafia kwao mwaka 1966; vita vya pili vikawatoa tena Wajerumani, na Augustana wakarudi kusaidia, akiwamo Elmer Danielson, ambaye mkewe na watoto wao sita walikuwa ndani ya meli ya *Zamzam* ilipozamishwa na manowari ya Kijerumani mwezi Aprili 1941, wakaokoka wote; mwezi Novemba 1955 Walutheri wa Afrika nzima wakakutana Marangu; Stefano Moshi akawa askofu mwaka 1960; na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ingawa nchi yenyewe wakati huo ilikuwa bado ikiitwa Tanganyika.

Wazee waliopo leo ni watoto wa miaka hiyo ya mwisho, na kumbukumbu zao wenyewe ni ndogo ndogo na za mwilini. Wanakumbuka wanaume wakikaa upande huu na wanawake upande ule, na mtoto wa kiume siku aliyoambiwa aache kukaa na mama yake. Wanakumbuka miguu ya watu ikisuguliwa kwa majani kwenye mfereji kabla ya kuingia ibadani, kwa kuwa njia ilikuwa tope na viatu vilikuwa vya wachache. Wanakumbuka Katekisimu Ndogo ya Luther wakiikariri huku wakikata majani ya ng'ombe, swali na jawabu, swali na jawabu, na aliyekwama siku ya mtihani akingoja mwaka mwingine. Matarumbeta ya shaba, waliyoyarithi kwa Wajerumani na ambayo sharika za mlimani hazijayaacha, waliyasikia kwa mara ya kwanza mazishini, hata bibi mmoja ananiambia kwamba mpaka leo yakipigwa harusini moyo humwenda mbio kabla hajakumbuka kuwa hakuna maiti. Wanakumbuka pia kutengwa: jina la mtu kusomwa mbele ya watu wote kwa kuoa mke wa pili au kwa ulevi, na siku ya kurudi kundini, mtu mzima amesimama mbele kama mtoto. Wapo wanaosema adhabu ile ilizidi. Wapo wanaosema leo haipo kabisa ndiyo maana.

Kahawa ilipofika katika sadaka, wanasema, sauti ya sahani ilibadilika. Chama cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na msimu wa malipo ukawa ndio msimu wa ujenzi: bati badala ya nyasi, mawe badala ya udongo. Mawe yenyewe yalitoka mtoni vichwani mwa wanawake na watoto, Jumamosi kwa Jumamosi, na kila mtaa ulikuwa na hesabu yake. Ndizi na mayai havikuondoka kwa kuja kwa fedha. Vilihamia nje, mnadani.

Na mnada huo nimeukuta. Ibada ikiisha watu hutoka, nao husimama majanini, pale pale ambapo zamani yalisemwa mambo ya mipaka na wagonjwa, na mzee wa kanisa mwenye koo nzuri huinua kitu kimoja kimoja. Jumapili hiyo palikuwa na mkungu mmoja, miwa, trei ya mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Mkungu ulinunuliwa, mnunuzi akaurudisha kwa kanisa kama ilivyo ada, ukauzwa mara ya pili, ukarudishwa tena. Na ulipoinuliwa mara ya tatu, yule bibi binti wa mwalimu alitaja bei yake kutoka kwenye kiti alichowekewa chini ya mti, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuipita. Karani, kijana wa kipaimara cha juzi, akamwendea na daftari kuandika jina. Bibi akamwambia asiandike lake. Aandike la babaye. Akalitaja, jina la zamani, la safu ya kushoto. Kijana akainama, kalamu ikining'inia, akamwomba amtajie herufi moja moja.